Uzito Kwanza, Kitanda Baadaye

Anayetaka gari la nyumba hapa pwani, lile kubwa lenye kitanda, jiko, choo na dari ya kumtosha mtu mrefu, kwa kawaida huanza na picha za ndani. Hupenda kabati na taa zilizofichwa pembeni, kisha huuliza bei. Mimi ningemtaka alale chali chini ya gari kabla ya kufungua mlango wake. Na kwa mkazi wa Utange hapa Mombasa nina ushauri mmoja ambao sitaki kuuzungusha: nunua chasisi ya lori la kawaida ambalo makanika wa Kisauni wanalijua, lenye logbook ya Kenya, halafu ujengewe nyumba juu yake. Ukinunua nyumba iliyokamilika ng'ambo na kuishusha bandari ya Kilindini, umenunua mgogoro.

Mgogoro huo una mfuatano wake. Kiwango cha Kenya cha KS 1515 kinakataza kuingiza gari lililopitisha miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza, na kinakataza usukani wa kushoto. Sharti la usukani peke yake linayaondoa magari karibu yote ya nyumba ya Marekani, Ujerumani na Ufaransa. Yale makubwa ya wageni unayoyaona yamepumzika Tiwi au yakishuka barabara ya Malindi yameingia kwa kibali cha muda, na yataondoka na wenyewe. Zinabaki hasa Uingereza na Japani. Sasa njoo kwenye umri. Gari la Uingereza lisilozidi miaka 8 lina injini ya Euro 6, iliyoundiwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Afrika Mashariki ilipohamia dizeli safi zaidi mwaka 2015, kiwango kilichowekwa kilikuwa sehemu 50. Kichujio cha masizi kwenye ekzosi ya injini hiyo, pamoja na mfumo wake wa urea, havikupangiwa mafuta hayo. Taa ya onyo inawaka ukiwa unapanda kuelekea Voi, injini inajipunguzia nguvu, na fundi mwenye kompyuta ya kuisoma hayuko karibu. Sheria inayokulazimisha kununua gari jipya ndiyo inayokuletea injini isiyopatana na pampu zetu.

Juu ya hayo kuna ushuru. Katika mfumo wa kimataifa wa forodha, gari lililotengenezwa kwa kulala na kupikia ndani huwekwa kwenye kifungu cha 87.03, pamoja na magari madogo ya abiria. Lori liko 87.04. Kwa dizeli inayozidi sisi 2,500, na injini za baadhi ya magari makubwa ya nyumba hufika hapo, ushuru wa bidhaa wa kifungu hicho ni wa ngazi ya juu kabisa, sawa na gari la kifahari. Unalipia kitanda kana kwamba ni anasa, halafu kitanda chenyewe kinaoza kwa unyevu wa Mei.

Njia ya pili tunayo mikononi siku zote, maana ndiyo inayotupatia matatu. Chasisi ya Isuzu NQR hutoka kiwandani ikiwa na kichwa na boriti mbili ndefu za chuma tu. Fundi bodi huweka vipande vya kukingama juu ya boriti, hufunga kwa yu-bolti, husimamisha mbavu za chuma cha pembenne, huvisha bati, kisha hupachika vioo na viti. Tangu kiwango cha KS 372 cha mwaka 2014, mbavu hizo zina vipimo vya nguvu vinavyotakiwa kwa magari ya abiria, na fundi anayevijua ndiye wa kumkabidhi kazi hata kama gari lako halitabeba abiria wa nauli. Ujuzi huo umejaa Changamwe, Jomvu na Kisauni. Utange ina kitu kisichopatikana kisiwani: kiwanja ambapo gari la mita 8 linaweza kusimama miezi mitatu likijengwa bila kuziba njia ya mtu.

Ila nyumba si matatu, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Matatu ya abiria 33 hubeba watu wanaoshuka. Jioni inarudi tupu na springi zinapumua. Nyumba hubeba mzigo wake usiku na mchana, mwaka mzima. Kwa NQR yenye uzito wa juu wa karibu tani 8 na nusu, kichwa na chasisi huchukua kama tani 3. Bodi ya chuma iliyojengwa bila kujizuia itakula 2. Ongeza kabati, vigodoro, friji, betri, maji lita 300 ambayo ni kilo 300 kamili, mafuta, familia na vyombo vyake, na utaona nafasi inavyokwisha. Ningeacha pengo la tani 1 nzima chini ya kikomo, kwa sababu barabara za ndani ya Utange zikinyeshewa hazibebi gari kwa utulivu. Kila shimo huongeza uzito kwenye springi kwa sekunde moja.

Jumla haitoshi, pima kila ekseli peke yake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya mbele na 10 kwa ya nyuma yenye tairi nne, kwa hiyo mizani ya Mariakani haitakusumbua. Kikomo chako ni kidogo zaidi: kile kilichoandikwa na mtengenezaji wa chasisi, na kile kilichopigwa ubavuni mwa tairi. Pima pia kulia dhidi ya kushoto. Jiko, tangi na friji vikipangwa upande mmoja, gari litaegemea kama mtu mwenye maumivu ya nyonga, na tairi za upande huo zitakwisha kabla ya za upande wa pili. Tangi la maji likae chini, katikati ya ekseli mbili. Kuliweka mkiani kwa sababu pale ndipo palipobaki nafasi ni kosa ninaloliona mara nyingi, na halirekebishiki bila kuvunja sakafu.

Halafu kuna kujisokota. Boriti za lori zimeundwa zijipinde. Tairi la mbele kulia likiingia shimoni na la nyuma kushoto likapanda tuta, chasisi nzima husokoteka. Matatu huvumilia kwa kulia mbavu na kulegeza riveti. Chumba chenye vigae bafuni, mabomba ya maji na madirisha makubwa hakivumilii. Kioo kinapasuka pembeni, kiungo cha bomba kinavuja nyuma ya kabati, na mwenye gari analaumu fundi bomba. Dawa yake ni fremu ndogo ya kati, iliyofungwa imara upande mmoja na kuachiwa ipumue upande mwingine kwa springi nzito au mpira mgumu, ili chasisi isokoteke bila kuivuta nyumba. Usiruhusu mtu yeyote achomelee moja kwa moja kwenye boriti, wala kutoboa midomo yake ya juu na ya chini. Ufa huanzia hapo, na hauonekani mpaka siku unapokuwa mrefu.

Mkia nao upimwe, na kipimo chake kiko kwenye kivuko cha Likoni. Gari la nyumba hupenda kuongezwa nyuma ili kitanda kipate nafasi. Siku za bamvua, maji ya Kilindini hupanda na kushuka hadi karibu mita 4. Yakiwa yamekupwa, mteremko wa kuingia ferini unakuwa mkali, na gari lenye mkia mrefu huburuza bampa na bomba la maji machafu. Mkia usizidi nusu ya umbali kati ya ekseli, na vali ya maji machafu isiwe kitu cha chini kabisa nyuma. Barabara ya Dongo Kundu sasa inakupeleka Kusini bila feri, lakini nani anataka gari lisiloweza kupita Likoni?

Kutu inastahili mwezi mmoja wa kazi yako. Hewa ya chumvi inafika Utange bila shida, hasa wakati wa kusi. Chuma cha pembenne kilichopakwa zinki kikichomelewa, zinki huungua pale pale penye kiungo, yaani penye hitaji kubwa zaidi. Kila kiungo kisuguliwe na kupakwa rangi ya zinki siku hiyo hiyo, kabla ya usiku kuleta umande. Mirija iwe na tundu dogo chini la kutolea maji, maana kutu ya pwani huanzia ndani kuja nje. Bati la alumini lisigusane na chuma uchi. Weka utepe au gundi katikati, la sivyo chumvi na unyevu vitaufanya muungano huo kuwa betri ndogo inayojila. Na ule utaratibu wa kupulizia oili chafu chini ya gari naukataa kwa moyo wote. Unalinda chuma kidogo na kuharibu bushi zote za mpira, mbali na udongo wa mahali unapoishi.

Ndani, kataa mbao za unga uliogandamizwa. Zinavimba masika ya kwanza. Plaiwudi ya baharini ni ghali na inastahili. Maungio ya paa yakalafatiwe kwa gundi ya poliyurethani, si silikoni ya bafuni, kisha yakaguliwe Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Kikasha cha mtungi wa gesi kiwe na mlango wake wa nje na tundu wazi sakafuni, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini, penye kitanda cha watoto.

Umeme ni hesabu fupi. Paneli za wati 600 zilizolazwa juu ya paa, kwa wastani wa Mombasa wa saa 5 hivi za jua kamili kwa siku, zitakupa karibu uniti 2 na nusu ukitoa hasara za joto na nyaya. Friji ya volti 12 itatumia kama 0.8, feni mbili za usiku 0.5, pampu, taa na simu 0.5. Unabaki na akiba. Kiyoyozi kinachovuta kilowati 1 kwa saa 8 kinadai uniti 8, na hapo huna mazungumzo ila jenereta na majirani wenye hasira. Wekeza kwenye paa jeupe, povu la kukinga joto na matundu mawili ya hewa. Betri za lithiamu ziwekwe mbali na ekzosi; joto la juu ya nyuzi 45 wakati wa kuchaji huzifupishia maisha.

Kinachoua magari haya zaidi, hata hivyo, ni kukaa. Mwaka 2014 kampeni ya Beyond Zero ilianza kugawa kliniki tamba kwa kaunti zote 47, chumba cha matibabu kikiwa juu ya chasisi ya lori: ni binamu wa karibu kabisa wa gari tunalolizungumzia. Miaka michache baadaye ziliandikwa habari za kaunti ambako magari hayo yalikuwa yameegeshwa tu. Chumba kilikuwepo, lori lilikuwepo. Kilichokosekana ni bajeti ya dereva, mafuta na huduma. Mwenye gari binafsi hutumbukia shimo hilo hilo. Kuwasha injini dakika kumi kila Jumapili hakusaidii, kunaongeza tu unyevu ndani ya oili na ekzosi. Mara moja kwa mwezi nenda Kilifi urudi, friji ikiwa imewashwa na maji yamo, ili breki zipate joto na springi zisogee. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa. Yabadilishwe kila miaka 2. Tangi la dizeli liachwe limejaa, na maji yaliyojikusanya kwenye kichujio yamwagwe. Tairi zisomwe tarehe yake: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka. Tairi la miaka 7 lenye meno mapya bado ni tairi la miaka 7. Usiegeshe chini ya mnazi. Na chunguza tairi zenyewe, maana mchwa wa Utange hujenga njia ya udongo juu ya mpira na kuingia sakafuni bila kubisha.

Ukinunua gari ambalo mwenzako amelijenga, nenda na bisibisi na mtu mwembamba. Bisibisi ichomwe kwenye pembe za sakafu chini ya dirisha na nyuma ya choo; ikizama, mbao imeoza. Mtu mwembamba aingie chini aangalie midomo ya boriti, yu-bolti na alama za kuchomelea. Nambari ya chasisi isomwe kwenye chuma na kulinganishwa na logbook. Muombe muuzaji mkalipime pamoja likiwa na maji yote. Akikataa, ondoka.

Logbook nayo izingatiwe mapema. Aina ya bodi ikibadilika kutoka lori kwenda nyumba, maombi hupelekwa kwa mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, na gari hukaguliwa kabla ya kumbukumbu kurekebishwa. Nenda na michoro na risiti za fundi, na uulize mapema leseni yako ya udereva inaruhusu uzito gani. Kisha mpelekee wakala wa bima logbook mpya, picha za ndani, na orodha ya gesi, betri na paneli zilizomo. Bima iliyoandikwa kwa jina la lori la mizigo, juu ya gari lenye jiko na watoto waliolala, inampa mkadiriaji sababu ya kukukatalia siku ya moto.