Sarufi Bila Bakora

Kitabu cha Roger Ascham, The Scholemaster, kilichapwa London mwaka 1570, miaka miwili baada ya kufa kwake. Chanzo chake ni mazungumzo ya mwaka 1563 juu ya wanafunzi wa Eton waliotoroka kwa kuogopa bakora. Ascham ataka mwanafunzi, akishajua misingi michache, afasiri barua ya Cicero kwa Kiingereza. Kisha, baada ya kitambo, airejeze katika Kilatini na kuilinganisha na asili. Kosa laonekana bila kipigo, na kanuni yaeleweka ndani ya maneno yaliyopangwa vyema. Lakini Ascham alimfunza Elizabeth, binti wa mfalme, peke yake. Mwalimu mwenye darasa lililojaa ataupata wapi wasaa huo?