Orodha ya Furaha na Orodha ya Benchi

Huenda ukashangaa kuona mzee wa miaka sabini na kitu akirudi kwenye kitabu cha shule za sekondari. Tamthiliya ya Orodha ya Steve Reynolds, iliyochapishwa mwaka 2006, imesomwa na vijana wengi wa nchi hii katika somo la Kiswahili, na wajukuu wangu wamo. Niliisoma kwa ajili yao, nikakuta ndani yake jambo la kusifu na jambo la kulalamikia.

Kisa chenyewe si kigumu. Msichana Furaha anapata UKIMWI. Kabla ya kufariki anaandika orodha na kuomba isomwe siku ya mazishi yake. Wanaume waliotembea naye wanahangaika, kila mmoja akidhani jina lake limo. Kumbe orodha haina jina la mtu. Ina mambo ambayo yangemwokoa, kama vile ukweli na uaminifu. Hapo mwandishi amefaulu sana. Watu wazima wenye heshima zao wanaitetemekea karatasi ya marehemu, na hofu yao inafundisha kuliko mahubiri.

Lalamiko langu ni hili: Furaha hana mgonjwa mwenzake wa kuzungumza naye. Hakuna wa kumwambia, "Hata mimi." Maneno yake yanapata thamani akiisha kufa, na hata hapo ni maonyo kwa wazima. Najua sababu. Mchezo unasukumwa na siri, na wagonjwa wakiketi pamoja siri inakwisha. Lakini kinachofaa jukwaani si lazima kiwe ndiyo kweli yote.

Sisi wa Kagera siri hiyo tuliijua. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa nchini, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa wetu, na watu waliuita ugonjwa huo "Juliana", jina la nguo za magendo kutoka Uganda. Mwaka 1991, nikiwa mkuu wa shule, mwalimu wangu mmoja alifariki. Sote tulijua, na sote tulisema ni malaria. Nilisoma risala ndefu kaburini, lakini alipokuwa hai sikumwuliza neno. Baadaye, katika chuo cha ualimu, niliwafundisha walimu wanafunzi kuandika ubaoni orodha ya tabia njema, sawasawa na ile ya Furaha.

Kumbe wakati huo wengine walikwisha kuanza. Kampala, Noerine Kaleeba na wenzake waliunda TASO mwaka 1987. Dar es Salaam, WAMATA ilianza mwaka 1989. Huko wagonjwa na jamaa zao walikaa pamoja na kusemezana, hata kabla ya dawa kupatikana.

Mimi nilichelewa kuliona jambo hilo. Mtoto wa shangazi yangu, huko Ngara, alianza dawa mwaka 2006, miaka miwili baada ya serikali kuanza kuzitoa bure. Nilimsindikiza kliniki, nikaketi naye benchini. Mama mmoja asiye na saa alisema humeza vidonge redio inapoanza taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kijana aliyetoka Biharamulo, kwa kukwepa macho ya watu wa kwao, alilalamikia ndoto mbaya. Wawili wakamjibu kwamba nao waliziota, zitapita, asiache dawa. Muuguzi alikuwa mwema, lakini ndoto zile hakuziota. Wao waliziota. Kisha walichanga nauli ya mmoja aliyekuwa hoi. Kila mtu alikuja na kipande cha ujuzi, akaondoka na zaidi ya alicholeta.

Nchini Msumbiji, katika jimbo la Tete, wagonjwa walianza mwaka 2008 kujipanga katika vikundi vidogo, wakipokezana zamu ya kwenda kuwachukulia wenzao dawa.

Sisemi kwamba benchi halikosei. Mwaka 2011 watu wengi walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, na baadhi yao waliacha dawa. Habari hiyo nayo ilipita mdomo kwa mdomo miongoni mwa wagonjwa. Ila katika kikundi cha ndugu yangu, aliyewarudisha wengine kliniki ni mwenzao aliyekunywa, akaacha vidonge, akadhoofika, kisha akawasimulia bila kuficha. Kwake waliamini kuliko kwa daktari.

Siku moja nilimsimulia ndugu yangu kisa cha Furaha. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kaka, huyo binti hakuwa na mwenzake?" Sijasoma uhakiki unaoishinda sentensi hiyo.

Nawaomba walimu wanaofundisha tamthiliya hii wawaulize wanafunzi swali hilo hilo. Mimi lilinirudisha mwaka 1991. Nyumba ya tatu kutoka kwa yule mwalimu aliishi mwalimu mwingine, ambaye tulimzika mwaka uliofuata. Walisalimiana kila asubuhi wakienda darasani. Sidhani kama waliwahi kuambiana.