Stadi ya Kulihoji Tumbo

Miongoni mwa stadi za tabibu, yaani mtaalamu wa afya aliyefunzwa kuchunguza na kutibu katika zahanati na vituo vya afya, ni chache zinazodharauliwa kwa urahisi kama ile ya kumtoa mgonjwa katika kauli kwamba tumbo linamsumbua na kumfikisha kwenye jina sahihi la kile kinachotendeka ndani ya utumbo mpana. Katika kata ya Pasua, Manispaa ya Moshi, ambako Wachaga walioteremka kutoka mlimani huishi pamoja na Wapare na wenyeji wa mikoa mingine, neno tumbo hubeba mzigo mkubwa, kwa kuwa humaanisha mahali pa chakula, matumbo yenyewe, kizazi na hata mimba. Chango nalo halisaidii sana, maana ni utumbo mwembamba, ni minyoo, na ni maumivu ya wanawake chini ya kitovu, hivyo anayelalamikia chango amekwisha kutaja mambo matatu kabla ya kuulizwa swali lolote.

Juu ya wingi huo wa maana kuna heshima. Bibi aliyeamkiwa shikamoo na kijana wa umri wa mjukuu wake hatalitaja kwa jina tundu ambalo choo hutokea; atasema njia ya haja kubwa, au atasema anaendesha, akimaanisha kwamba anaharisha, na mara nyingi atanyamaza hapo. Tabibu aliyefunzwa kazi yake kwa Kiingereza hana budi kuuliza kwa Kiswahili cha adabu kisichopoteza hata chembe ya maana: choo kilikuwa kigumu au cha maji, kilikuwa na makamasi, yaani ute unaotolewa na ngozi ya ndani ya utumbo, damu ilikuwa nyekundu au choo chenyewe kilikuwa cheusi kama lami, na upepo bado unatoka au umekoma. Swali hili la mwisho huwafanya wengi watabasamu kwa aibu, ilhali ndilo linaloweza kuokoa maisha ya mtu kabla ya jioni.

Ugumu wa stadi hii huonekana wazi zaidi katika bawasiri, neno lililotoka katika Kiarabu na linalotaja kuvimba kwa mishipa ya damu iliyo mwishoni mwa puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Mitaani huitwa pia kinyama, na limekuwa jina la kila damu inayoonekana chooni, kiasi kwamba mgonjwa hufika akiwa ameshajitambua mwenyewe na wakati mwingine ameshatumia dawa ya mizizi. Damu nyekundu inayodondoka baada ya choo, bila maumivu, huenda kweli ikawa ya bawasiri. Ikiandamana na maumivu makali wakati wa kujisaidia, yamkini ni mchaniko wa ngozi ya tundu lenyewe. Ikichanganyika na makamasi, homa na haja ya kusukuma bila kitu kutoka, hapo ni kuhara damu, kunakoweza kuletwa na bakteria wa shigela au na amiba. Lakini mtu wa makamo ambaye damu yake imechanganyika na choo, ambaye mazoea yake ya kwenda haja yamebadilika kwa majuma na ambaye amekonda, anastahili kuchunguzwa saratani ya utumbo mpana, na kumpa jina la bawasiri kwa sababu ndilo alilokuja nalo ni kosa la ustadi, si la upole.

Majina ya vitabuni nayo hayalingani kwa ubora. Ugonjwa wa Hirschsprung, uliopewa jina la daktari wa Denmark aliyeueleza mwaka 1886, hauelezi chochote mpaka mtu aambiwe kwamba mtoto amezaliwa bila seli za neva katika kipande cha mwisho cha utumbo, hivyo kipande hicho hakilegei na choo hukwama juu yake. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kupendelea jina la ugonjwa mwingine, msokoto wa utumbo, linaloonyesha tendo lenyewe: utumbo unajizungusha juu ya shina lake, unaziba, na mishipa yake ya damu inanyongwa.

Hata hali ya kawaida yahitaji kuulizwa. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, alichapisha pamoja na wenzake mwaka 1972 vipimo vilivyoonyesha kwamba chakula kilipita matumboni mwa wanakijiji wa Uganda kwa takribani saa 36, huku kwa Waingereza waliopimwa kikichukua zaidi ya saa 80, na choo cha wanakijiji kilikuwa na uzito wa zaidi ya mara nne. Kwa mlaji wa makande na kiburu, vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, basi, kukosa choo siku mbili huenda kukawa ni kufunga choo, ingawa kitabu cha Ulaya kingemhesabu mzima. Nyuzinyuzi hizo hizo zinazosifiwa, zinapoujaza utumbo mrefu, zimehusishwa na msokoto, ambao madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki wanaufahamu vizuri kuliko wenzao wengi wa Ulaya.

Mgonjwa wa msokoto, tumbo likiwa limevimba na upepo umekoma, huandikiwa rufaa kwenda hospitali ya Mawenzi au ya KCMC hapo Moshi, na hapo kazi ya maneno hugeuka. Utumbo ukiwa bado hai, msokoto huweza kufunguliwa kwa mpira unaopitishwa njia ya haja kubwa. Ukiwa umeoza, hukatwa, na pengine hufanywa kolostomi, yaani tundu katika ukuta wa tumbo ambalo choo hupitia na kuingia katika mfuko. Mwuguzi anayelieleza hilo kabla ya ridhaa kusainiwa hulazimika kusema mfuko utafungwa wapi, nani atausafisha, na kwamba kwa wagonjwa wengi wa msokoto tundu hilo huweza kufungwa baadaye kwa upasuaji wa pili, kwa sababu swali la kwanza la ndugu waliosimama kando ya kitanda huwa ni kama mzee wao atabaki hivyo milele.