Fundi wa Slaidi na Kazi ya Kupunguza

Mtoa mada akifanya vizuri, sifa ni zake. Anapigiwa makofi, anapeana mkono na mgeni rasmi, anaitwa kwenye picha ya pamoja. Aliyekesha akizipanga slaidi zake hayumo ukumbini, na pengine ndiyo kwanza amelala. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu. Wengi hudhani kazi yake ni kutia rangi na mapambo, kumbe kazi yake hasa ni kupunguza.

Watu wa Tanga hawahitaji kufundishwa hilo. Jani la mkonge likipita kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, katika kila kilo mia zinabaki kilo nne hivi za singa. Zilizosalia ni maji na makapi. Mada nyingi humfikia fundi zikiwa bado jani bichi: ripoti nzima imemwagwa kwenye slaidi, aya juu ya aya, na ujumbe wa WhatsApp umeingia usiku: "Ipendezeshe kidogo tu, nawasilisha kesho saa tatu."

Tuseme mada yenyewe ni historia ya mkonge. Slaidi ya kwanza ina mistari tisa kuhusu Dkt. Richard Hindorf, Mjerumani aliyeagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, ikapitia Hamburg hadi pwani yetu. Fundi anaisoma, anaisoma tena, kisha anaacha maneno machache kwa herufi kubwa: "Miche 1,000 iliagizwa. 62 ilipona." Habari za Hamburg atazieleza mtoa mada mwenyewe, ndiyo maana ameitwa. Slaidi ya pili ni jedwali la mavuno lililojaa tarakimu. Linageuka mchoro wa mstari mmoja unaoporomoka, wenye namba mbili tu: takriban tani 230,000 mwaka 1964, na chini ya tani 30,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Mkulima wa Korogwe aliyekaa viti vya nyuma ameshaelewa kabla mzungumzaji hajafungua kinywa.

Vilivyokatwa navyo vina matumizi. Pale Hale, hukohuko Tanga, makapi ya mkonge yamezalisha gesi na umeme. Vivyo hivyo, aya zilizoondolewa huhamia kwenye kitini cha washiriki, au kwenye maelezo anayoyaona mtoa mada peke yake.

Yapo na mambo ya Kiswahili chenyewe. Violezo vingi vya slaidi vilipimwa kwa lugha yenye maneno mafupi. Andika "Wanaojishughulisha na kilimo cha mwani", kichwa cha habari kimevunjika mistari miwili. Fundi mvivu hupunguza ukubwa wa herufi. Fundi hodari hubadilisha sentensi: "Wakulima wa mwani". Guy Kawasaki, mtaalamu wa masoko wa Marekani, alishauri slaidi 10, dakika 20, na herufi zisizopungua ukubwa wa 30. Slaidi kumi huenda zisitoshe kila mada, lakini hilo la herufi lishike.

Kisha kuna ukumbi. Kumbi za pwani zina madirisha mapana na mapazia mepesi, na projekta nyingine zimechoka. Rangi ya samawati iliyopauka, inayovutia kwenye kompyuta, haionekani kabisa saa sita mchana. Maandishi meusi juu ya nyeupe hayajawahi kumwangusha mtu. Weka nakala ya PDF kwenye flashi, kwa sababu kompyuta ya ukumbini ikikosa fonti yako itabadilisha mpangilio wote. Chapisha nakala moja ya karatasi pia. Umeme haujui ratiba ya mkutano.

Mtihani mkubwa uko kijijini, kwenye mkutano wa wavuvi chini ya mwembe, ambako projekta haipo. Hapo slaidi hunakiliwa kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila. Isiyoingia kwenye karatasi hiyo bado haijakatwa vya kutosha.

Basi wewe unayejiandaa kutoa mada, usimtumie fundi faili zima usiku wa kuamkia mkutano. Mpe siku chache, mlipe haki yake, na kabla ya yote mwandikie sentensi moja: unataka watu waondoke na jambo gani? Ukishindwa kuiandika, shida haiko kwenye slaidi.