Swali la Pili

Mgahawa ninamopenda kula nikishuka Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, una televisheni moja tu, imetundikwa juu ya mlango wa jikoni, na rimoti haitoki mkononi mwa mwenye mgahawa. Jioni moja alikuwa ameiacha kwenye kipindi cha mahojiano. Mgeni alikuwa mwanasiasa. Sisi tulikuwa na ugali wa muhogo na dagaa wa ziwani, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na shida naye. Akaulizwa kuhusu mradi uliokwama. Akajibu kwa utulivu kwamba ni kweli, fedha zilitumika tofauti na ilivyopangwa, na hatua zinachukuliwa. Mtangazaji hakugeukia karatasi yake. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza: “Nani alizitumia?”

Mikono ikasimama kwenye sahani. Mzee aliyekaa jirani yangu akasema, “Hapo sasa,” akaomba sauti iongezwe.

Tangu jioni ile sitazami tena wageni. Natazama wanaouliza.

Swali la kwanza yeyote analiweza. Linaandaliwa ofisini, prodyuza analipitia, na pengine mgeni mwenyewe ameshaonjeshwa. Swali la pili haliandaliki. Linazaliwa palepale kwenye kiti, kutokana na neno ambalo mgeni amelitoa bila kulipima, na hulikamata yule tu aliyekuwa akisikiliza wakati wenzake wanatafuta swali linalofuata kwenye orodha.

Kwa Kiswahili kazi hii ina ugumu wake. Lugha yetu ina kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka, na zote mbili zinamruhusu mtu asimulie tendo bila kumtaja mtendaji. Daraja lilivunjika. Mkataba ulisainiwa. Makosa yalifanyika. Mwanasiasa mzoefu anaweza kukaa hewani kipindi kizima na asionekane binadamu hata mmoja ndani ya sentensi zake. Mwulizaji hodari anachofanya ni kumrudisha mtendaji mahali pake: nani alivunja, nani alisaini. Wasanii nao wana maficho yao. Namshukuru Mungu, mashabiki wangu wakae mkao wa kula, kuna kitu kikubwa kinakuja. Kwa msanii swali la pili huwa fupi zaidi: kitu gani?

Kuna pia namna ya kumwita mtu. Mgeni akiitwa Mheshimiwa, anakaa kama yuko bungeni na anajibu kama yuko bungeni. Akiitwa mzee analegea, lakini aliyemwita hivyo amejiweka kuwa mtoto, na mtoto hambani mzee. Nimemwona mtangazaji mmoja akicheza na majina haya kwa ustadi mkubwa. Alianza na shikamoo ya kweli, akauliza habari za nyumbani, akamwita mgeni wake mzee kwa dakika kumi nzima. Swali lenyewe lilipofika, akarudi kwenye Mheshimiwa. Mgeni akajiweka sawa kitini. Alijua salamu zimekwisha.

Ukitoka Mbamba Bay kupanda Mbinga, zaidi ya kilomita 60 za kona na miteremko, utaona kwenye milima ya Wamatengo kilimo cha ngoro. Nyasi hufyekwa, zikaachwa zikauke, kisha zikapangwa mlimani kwa mistari inayokatana kama nondo za dirisha. Katikati ya kila chumba udongo huchimbwa na kurundikwa juu ya nyasi. Yanabaki mashimo mengi yaliyozungukwa na matuta, na juu ya matuta hupandwa maharage au mahindi. Mvua ikija, maji hayateremki na udongo wa watu. Yanatulia shimoni, yanazama polepole, na nyasi chini zinaoza kuwa mbolea. Mlima mkali namna ile ungekuwa mwamba mtupu siku nyingi kama wakulima wake wangekuwa watu wa kukimbizana na maji.

Mwulizaji mzuri hulima hivyo. Anajua jibu la kwanza litateremka kwa kasi, kwa kuwa limeshateremka mara nyingi kwenye vituo vingine. Hapambani nalo. Anaacha kimya baada yake, na mgeni, kwa kuogopa kimya hicho, anakijaza mwenyewe. Kwenye televisheni hili si jambo dogo: sekunde tatu za kimya ni ndefu, prodyuza anapiga kelele sikioni, na mtangazaji mchanga anashtuka na kulidandia swali jingine.

Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973, Bara ikasubiri hadi 1994, na umeme wa gridi ya Taifa haukufika Songea hadi 2018. Ruvuma, basi, tulilelewa na redio, na redio humfunza mtu kusikiliza. Labda ndiyo sababu navutiwa na Tido Mhando, aliyekulia kwenye redio na kuongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC kabla ya kurudi nyumbani kuiongoza TBC. Alipoketi Azam TV kuendesha kipindi chake, jina la kipindi hicho lilikuwa amri ya upole: Funguka. Jenerali Ulimwengu, mwanasheria na mwandishi wa makala, aliwahi kuwa na Jumatatu zake Channel Ten, na swali lake lilikuwa na mpangilio wa mtu aliyezoea kuandika: ukilikwepa, kila mtu anaona umelikwepa wapi.

Salama Jabir alichagua njia nyingine. Kipindi chake cha Mkasi, EATV, kilimweka msanii kwenye mandhari ya kinyozi. Ni ubunifu unaostahili kutafakariwa. Kwenye kiti cha kinyozi hakuna anayehutubia. Kichwa chako kiko mikononi mwa mtu mwingine, kioo kiko mbele yako, na maneno yanatoka kwa sauti ya nyumbani. Baadaye akaanzisha Salama Na kwenye YouTube, ambako hakuna taarifa ya habari inayosubiri nyuma ya mlango.

Muda nao ni kifaa cha kazi. Mwaka 1977 Mwingereza David Frost alimhoji Richard Nixon, aliyejiuzulu urais wa Marekani mwaka 1974. Walirekodi kwa siku 12, karibu saa 29, ili kupata vipindi vinne vya dakika 90. Mwisho wa yote Nixon alikiri kwamba aliwaangusha wananchi wake. Neno moja kama hilo lilihitaji siku nyingi za maneno mengine.

Huku ziwani, mgeni ambaye angempima mwulizaji yeyote ni Kapteni John Komba, mzaliwa wa Lituhi, jirani na mahali mto Ruhuhu unapoingia Nyasa. Alikuwa mwanajeshi, kiongozi wa Tanzania One Theatre, sauti iliyoongoza nyimbo za maombolezo ya Mwalimu Nyerere Oktoba 1999, na mbunge wa Mbinga Magharibi kuanzia 2005 hadi alipofariki Februari 2015. Mwimbaji na mwanasiasa kwenye kiti kimoja. Ungemwanzia chama, angekupa chama, tena kwa sauti nzuri. Mimi ningemwanzia Lituhi, ningemwacha azungumze kuhusu nyimbo hadi achoke, kisha ningeuliza: kuna wimbo ambao mbunge alimkataza mwimbaji?

Waandishi wa vitabu ndio hukaribishwa mara chache, na wakikaribishwa hupewa swali la kwanza peke yake: kitabu chako kinahusu nini? Swali hilo linamaanisha kitabu hakijasomwa, na bila kusoma hakuna swali la pili. Abdulrazak Gurnah alipopata Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, mjadala mwingi ulikuwa kama yeye ni Mtanzania au Mwingereza. Aliyesoma Paradise, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa jina la Peponi, ana swali bora. Yusuf ni mtoto aliyetolewa kulipia deni la baba yake. Kwa nini, mwishowe, anaufuata msafara wa askari wa Wajerumani? Swali hilo linaweza kujaza kipindi, na watu wa Liuli, huku ziwani, ambako meli ya Kijerumani ilishambuliwa Agosti 1914 vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, wangekuwa na la kuongeza.

Siku hizi studio iko mfukoni. Vijana wa Mbinga na Nyasa wanawahoji wavuvi, wakulima wa kahawa na bibi zao kwa simu, na hilo ni jema. Kwako wewe mwenye simu nina ombi moja. Mwamkie vizuri, muulize, na akijibu, hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla hujafungua mdomo. Ndipo umuulize kuhusu neno lake la mwisho.