Daftari la Nyangumi na Kipande cha Mkonge

Daftari la hesabu haliandikwi ili lisomwe kwa raha, wala karani wake hatafuti sifa ya ufasaha. Hata hivyo, hati za wavuvi wa nyangumi wa Marekani wa karne ya 19, ambazo nyingi zimehifadhiwa New Bedford, zastahili kuhakikiwa kama andiko lingine lolote. Zina mtindo wake, na zina watu walionyimwa nafasi ya kusema.

Safari moja iliweza kuchukua miaka 3 au 4. Baharia hakulipwa mshahara wa mwezi, bali fungu la mapato ya mafuta, na mgeni wa kazi alipewa pengine fungu 1 katika 175, au hata katika 200. Humo yalikatwa malipo aliyotangulizwa pamoja na riba, na nguo na tumbaku alizokopa merikebuni. Wapo waliorudi bandarini wakiwa na deni. Haya yote daftari layasema kwa mistari michache, bila huruma wala chuki. Wako wasomaji wanaousifu ukavu huo na kuuita ukweli mtupu. Sifa hiyo si ya haki, kwani mwenye kalamu ni wakala wa mwenye merikebu. Na katika barua za manahodha, baharia anayetoroka huhesabiwa pamoja na pipa lililovuja na tanga lililochanika.

Aliyelijibu daftari ni J. Ross Browne. Alisafiri na wavuvi hao, akaiacha merikebu yake Unguja mwaka 1843, na kitabu chake, *Etchings of a Whaling Cruise*, kikatoka mwaka 1846. Herman Melville mwenyewe alikihakiki mwaka uliofuata. Sehemu ya merikebuni ina nguvu, maana Browne anaandika njaa na matusi aliyoyaonja. Alipofika Unguja, kalamu yake yalegea. Yule aliyelalamika kwamba nahodha hakumtazama kama mtu awatazama wenyeji kwa jicho la mpita njia, na wengi wao hawapati jina wala neno.

Msomaji wa Kagerankanda, katika nyanda za Kasulu, yuko mbali na pwani kiasi cha maili 600, na huenda akadhani kwamba mambo haya ya bahari hayamhusu. Lakini Buha, yaani Kasulu na Kibondo, ilitoa maelfu ya vibarua wa mashamba ya mkonge katika karne ya 20. Waliitwa manamba, kwa kuwa namba ilitangulia jina. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na siku 30 za kazi zilipotimia ndipo alipolipwa. Siku ya ugonjwa ilikuwa nafasi tupu tu. Kipande hakikuwa na mahali pa kuandika sababu.

Tofauti ipo, nayo si ndogo: baharia aliibahatisha safari nzima, manamba aliuza siku zake moja moja. Lakini kwa mhakiki maandiko haya mawili ni ya ukoo mmoja, na anayejifunza kuzisoma barua za New Bedford atakiona kipande kwa macho mengine. Atauliza nani alishika kalamu, na ile nafasi tupu ilikuwa homa, msiba, au mguu uliochomwa na mwiba wa mkonge.