Tamasha la Tumaini la Dzaleka: Uhakiki kwa Mwalimu Apangaye Safari

Utangulizi

Siku hizi watu wengi duniani hupanga safari zao kwa kufuata kalenda ya sanaa. Mwezi wa Agosti msafiri huenda Edinburgh, ambako tamasha kubwa lilianzishwa mwaka 1947. Mwezi wa Februari huwa Unguja, ndani ya Ngome Kongwe, akisikiliza Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004. Kati ya safari hizo huzunguka katika majumba ya makumbusho. Vitabu vya kuongoza wasafiri humpa nauli, saa za kufungua milango na orodha ya vitu vya kutazama, ila aghalabu havimpi kipimo cha kuvipimia vitu hivyo. Hivyo hurudi kwao na picha nyingi na fikra chache.

Madhumuni ya makala haya ni kukitafuta kipimo hicho kwa kuhakiki tamasha moja, Tamasha la Tumaini, ambalo hufanyika katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili ni miongoni mwa lugha kuu za wasanii wake, nasi walimu wa Kiswahili hatujalipa nafasi linayostahili katika masomo yetu. Pili, tamasha hili limeligeuza swali zima la safari ya sanaa. Wasanii wa kwingineko husafiri kuitafuta hadhira, lakini wa Dzaleka hawaruhusiwi kusafiri wapendavyo, kwa hiyo hadhira ndiyo iwafuatayo.

Mahali na Jina

Dzaleka imo katika wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 45 kaskazini ya Lilongwe. Wakati wa utawala wa Kamuzu Banda palikuwa na gereza hapo, na wapinzani wa kisiasa walifungwa humo. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1994, mwaka ule ule utawala huo ulipokoma, ikikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wakazi wake ni zaidi ya 50,000. Wengi wao wametoka Kongo, wengine Burundi na Rwanda, na wachache Somalia na Ethiopia.

Jina lenyewe lafaa kuchunguzwa. Mwalimu wa lugha ataona upesi kwamba ndani yake mna shina la Kichewa -leka, yaani kuacha. Wenyeji hulifasiri kwa maana ya "sitarudia tena", kauli ya mfungwa aliyekwisha kuonja adhabu. Ndipo mahali palipobeba jina hilo ambapo mwaka 2014 mshairi na mwanamuziki Mkongo, Trésor Nzengu Mpauni, ajulikanaye kisanaa kwa jina la Menes La Plume, alianzisha tamasha akaliita Tumaini. Yeye mwenyewe alikuwa mkimbizi wa Dzaleka. Jina la gereza lamtazamisha mtu nyuma, kwenye kosa na majuto. Jina la tamasha lamtazamisha mbele.

Mwaka huo huo wa 2014, mjini Goma, mashariki ya Kongo, lilifanyika kwa mara ya kwanza tamasha jingine liitwalo Amani. Matamasha haya mawili hayana uongozi mmoja, lakini yamechukua majina yao kutoka katika lugha moja. Wala majina hayo hayakubuniwa Unguja, Mombasa au Dar es Salaam. Watu waliokimbia vita na watu wanaoishi katikati ya vita walipotafuta neno ambalo makabila mengi yangelielewa, walilikuta katika Kiswahili. Huo ni ushahidi juu ya kazi ya lugha yetu ambao kamati zetu za istilahi zingefaa kuutia maanani.

Sanaa Zenyewe

Kwa siku chache, kwa desturi karibu na mwezi wa Novemba, kambi hukusanya muziki, ngoma, maigizo, mashairi, uchoraji, kazi za mikono na mapishi. Wasanii wa kambini huwa pamoja na wasanii wa Malawi na wa nchi nyingine, na kiingilio ni bure. Tusitosheke na wingi huo. Mhakiki hana budi kuuliza ni nini kinachoipata sanaa inapong'olewa mahali ilipoota.

Tuchukue ngoma za Burundi. UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, mwaka ule ule tamasha lilipoanza. Asili yake ni ngoma za kifalme, na mahali kama Gishora, karibu na Gitega, huheshimiwa kama patakatifu pake. Mwaka 2017 serikali ya Burundi ilitoa amri kwamba ngoma hizo zisipigwe ila kwa idhini, na kwamba wanawake wasizipige. Dzaleka hakuna baraza la mfalme wala daftari la idhini. Fani imebaki kwa kiasi kikubwa: ngoma hupangwa nusu duara, moja huwekwa kati, nao wapigaji hupokezana mbele kwa kurukaruka na kujigamba. Kilichobadilika ni dhima. Zamani ngoma ilitangaza ukuu wa mfalme. Hapa yatangaza kwamba watu waliopoteza nyumba na mashamba hawajapotea wao wenyewe. Msafiri akizitazama ngoma hizi kama nakala hafifu ya zile za Gitega, atakuwa amekosea. Ni tawi lililoota mahali pengine, na lapaswa kuhukumiwa kwa matunda yake.

Ndivyo ilivyo pia kwa rumba ya Kongo, iliyoingizwa katika orodha hiyo mwaka 2021, na kwa ngoma ya Intore ya Rwanda, iliyoingizwa mwaka 2024. Malawi nayo ina Gule Wamkulu ya Wachewa, iliyotambuliwa mwaka 2005. Msafiri afuataye orodha za UNESCO angelazimika kuvuka mipaka kadha ili aione mila ya kila taifa. Dzaleka watoto wa mila hizo zote huchota maji kisima kimoja. Ujirani huo hauonekani katika jumba lolote la makumbusho, kwani jumba hutenga kila taifa katika kabati lake la kioo.

Kwa upande wa ushairi na maigizo, Kiswahili kisikikacho sana kambini ni cha Kongo. Mwalimu aliyezoea Kiswahili sanifu atasikia "minaenda" mahali pa "ninaenda", na "batoto" mahali pa "watoto", naye atatamani kutoa kalamu nyekundu. Tunamsihi aiache mfukoni. Kiambishi ba- si uzembe. Hutumika katika lugha nyingi za Kibantu, na Kiswahili cha Kongo kina kanuni zake ambazo wasemaji huzifuata bila kuyumba. Hata "jambo", salamu ambayo pwani wengi huiona kuwa ya watalii, huko ni salamu kamili ya heshima. Mwanafunzi aliyefundishwa lahaja za Mombasa, Lamu na Unguja tu amefundishwa nusu ya ramani.

Mgeni na Mwenyeji

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii hutimizwa waziwazi katika mpango wa tamasha wa kuwalaza wageni katika nyumba za wakimbizi. Mgeni hulipa, hula walacho wenyeji na hulala walalapo. Mkimbizi, ambaye kwa miaka mingi amehesabiwa kuwa mgeni wa kulishwa, kwa siku hizo huwa mwenye nyumba. Kwa maoni yetu hili ndilo tendo kubwa kuliko yote ya kisanaa katika tamasha hili, ijapokuwa halifanyiki jukwaani.

Lakini iko methali ya pili: "Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe." Hapa ndipo penye uchungu. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, iliweka masharti yake kuhusu baadhi ya vifungu, vikiwamo vya ajira na uhuru wa kutembea. Wageni hawa wamekaa miaka, si siku, na jembe hawajapewa. Mwezi wa Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka kabla ya katikati ya Aprili. Mwezi wa Mei polisi waliwakamata wengi, hata watoto, na maduka yao yakafungwa. Msafiri wa sanaa huondoka Lilongwe asubuhi akarudi jioni. Aliyemwimbia, akitaka kupita njia ile ile, huhitaji kibali. Mtazamaji asiyelijua jambo hili hataielewa maana ya kilio wala ya kicheko cha jukwaani.

Hatusemi kwamba serikali ya Malawi haina hoja. Nchi hiyo ni maskini, misaada ya chakula kwa kambi imepunguzwa mara kwa mara, na wafanyabiashara wadogo wa mijini wamelalamikia ushindani. Hata hivyo hoja ya umaskini haijibu swali kwa nini watu wenye ujuzi wazuiwe kuutumia.

Kasoro

Mapenzi yetu kwa tamasha hili yasituzuie kutaja upungufu wake.

Kwanza ni lugha ya matangazo. Jina ni la Kiswahili, lakini maelezo yanayoelekezwa kwa wageni ni ya Kiingereza kwa sehemu kubwa. Mwalimu wa Kigoma au wa Bukavu angepaswa kulipokea tangazo katika lugha iliyolipa tamasha jina lake.

Pili ni hatari ya ukubwa. Kila tamasha linalokua huvutwa na muziki wa vipaza sauti, kwa kuwa ndio ukusanyao umati. Shairi na mchezo wa kuigiza huhitaji utulivu, navyo husukumwa pembeni. Tamasha lililoasisiwa na mshairi lingefaa kuulinda ushairi kwa kuutengea saa na mahali pake.

Tatu ni fedha. Matamasha ya bara letu hutegemea mno wafadhili. Hata Sauti za Busara, pamoja na sifa zake zote, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Tamasha lisilotoza kiingilio limo katika hatari zaidi, na wapenzi wake hawana budi kulichangia.

Nne ni kasoro ya hadhira, si ya wasanii. Wako wageni wanaokwenda kambini kutazama umaskini. Hupiga picha za watoto bila ruhusa, kisha husifu kila kitu kwa sauti moja. Sifa isiyochagua ni aina ya dharau. Tangu mwaka 2003 kumekuwa na tamasha la filamu katika kambi za Wasahrawi karibu na Tindouf, nchini Algeria, na huko nako swali ni lile lile: je, tunamsifu msanii kwa kazi yake au kwa msiba wake? Msanii wa Dzaleka anastahili kuambiwa kwamba ubeti wake wa pili umelegea, kama tumwambiavyo msanii wa Nairobi.

Kuipanga Safari

Kwa mwalimu anayekusudia kwenda na wanafunzi wake, twapendekeza utaratibu ufuatao. Asitarajie kukuta makumbusho makubwa ya taifa mjini Lilongwe. Mji huo ulipata kuwa makao makuu mwaka 1975, lakini makumbusho ya taifa yako Blantyre. Ni afadhali aanzie kusini, wilayani Dedza, kilomita zipatazo 85 kutoka Lilongwe. Huko iko milima ya Chongoni yenye sehemu 127 za michoro ya miambani, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Baadhi ya michoro ni ya wawindaji wa kale, na mingine ni ya Wachewa, ikihusiana na unyago na nyau. Kisha ateremke Mua, ambako padri na msanii Claude Boucher alianzisha kituo cha Kungoni mwaka 1976. Katika jumba la makumbusho la hapo ataona vinyago vingi vya Gule Wamkulu. Akifika Dzaleka baada ya hapo, atakuwa ameijua kwanza nchi iliyowapokea wakimbizi, na atatambua ni nini ambacho wenyeji na wageni wameazimana.

Wanafunzi wajifunze kusema "Muli bwanji?" kwa Wachewa. Waombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na wanunue kazi za mikono kwa bei ya haki badala ya kushindana kuishusha. Kila mmoja aandike uhakiki wa onyesho moja tu, akilitaja jina la msanii, fani na maudhui.

Hitimisho

Mwaka 2019 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya SADC. Mwezi wa Julai 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipoizuru Malawi, ilitangazwa kwamba nchi hiyo inakusudia kuingiza Kiswahili katika shule zake. Tulifurahi. Lakini huo ndio mwaka ambao wasemaji wa Kiswahili waliondolewa Lilongwe na kurudishwa kambini. Nchi inayotafuta walimu wa Kiswahili inao wengi umbali wa saa moja kwa gari, na sheria haiwaruhusu kushika chaki.

Vyama vya walimu kama chetu vina kazi mbili hapa. Ya kwanza ni kuikusanya fasihi ya Dzaleka, kwa idhini na kwa majina ya waliyoitunga, ili isomwe madarasani. Ya pili ni kuwashauri wahusika nchini Malawi kwamba wakimbizi wenye elimu ya ualimu wapewe mafunzo ya Kiswahili sanifu na vibali vya kufundisha. Mwenye kulipenda Tamasha la Tumaini na aanze na haya kabla ya kukata tiketi.